Bernhard Grzimek: Mjerumani Aliyezikwa Ngorongoro

Wasomaji wa pwani wakitajiwa Wajerumani waliopita katika nchi zetu, hapana shaka humkumbuka Karl Peters na mikataba yake ya hila, au von Wissmann aliyekuja na mizinga mwaka 1889 kumpiga Abushiri bin Salim. Leo napenda niwasimulie habari za Mjerumani wa namna nyingine kabisa. Huyu hakuja na mkataba wala hakuja na mzinga. Alikuja na kamera ya sinema, na ndege ndogo iliyopakwa milia myeupe na myeusi mfano wa punda milia. Hata hivyo, kwa kamera hiyo aliacha alama katika ardhi ya Afrika Mashariki ambayo haijafutika, na watu wangali wakishindana juu yake. Mtu mwenyewe ni marehemu Dakta Bernhard Grzimek, aliyetengeneza ile picha mashuhuri ya Serengeti.

SINEMA KANGEMA

Habari zake mimi nilizipatia mahali ambapo pengine hamkudhania. Ilikuwa mwaka 1976, huko Kangema, wilaya ya Murang'a. Nilikuwa mwalimu kijana, mzaliwa wa Mombasa, niliyepelekwa bara kufundisha. Kangema iko juu ya migongo ya vilima inayopanda mpaka kwenye msitu wa milima ya Nyandarua, ambayo Waingereza waliipa jina la Aberdare. Huku kuna majani ya chai, huku mibuni, na chini mabondeni kuna mito ya maji baridi iteremkayo kwa kasi. Mwezi wa Julai ukungu hushuka mpaka mlangoni, na mtu wa pwani aliyezoea kujifunika shuka moja hulala na mablanketi matatu na bado akatetemeka. Msikiti wa karibu ulikuwa mjini Murang'a, safari ya kuteremka vilima kwa matatu. Lakini watu wake walinipokea vyema. Mwenye nyumba niliyopanga, mzee mmoja mkulima, kila jioni alikuwa akiniletea makaa ya moto katika karai ili nijipashe.

Jioni moja likaja gari la sinema. Kitambaa cheupe kikatungikwa kwenye ukuta wa shule, mashine ya umeme ikanguruma, na uwanja mzima ukajaa watu, wazee kwa makoti yao mazito na kina mama na watoto mgongoni. Maneno ya picha yalikuwa ya Kiingereza, basi mimi nikatakiwa niyafasiri kwa Kiswahili, na mwalimu mwenzangu ayageuze kwa Kikikuyu.

Tuliona bara lisilo na mwisho, na nyumbu waliojaa kama siafu. Tuliona simba, fisi, twiga, na ile ndege ya milia ikiruka chini chini juu ya makundi. Watoto walishangilia mpaka sauti yangu haikusikika. Wamasai nao walionekana kidogo na ng'ombe wao, kisha wakatoweka, na bara likabaki la wanyama peke yao.

Picha ilipokwisha, yule mzee mwenye nyumba wangu aliniuliza swali moja tu. Alitaka kujua wale wachungaji walikwenda wapi. Nilimjibu kuwa sijui. Akatikisa kichwa, akanieleza kwamba mahali penye maji na majani mazuri kama yale hapakosi wenyewe, na kwamba yeye amepata kuona kwa macho yake jinsi mahali panavyofanywa patupu.

Siku ile sikumfahamu. Baadaye ndipo nilipojua maana yake. Mwaka 1953 serikali ya Kiingereza iliutangaza msitu wa Nyandarua kuwa eneo lililopigwa marufuku, na tangu mwaka 1954 watu wa Murang'a walitolewa katika makao yao na kukusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, ili wasiwapelekee chakula wapiganaji wa Mau Mau. Mzee wangu alikuwa mmoja wao. Alipoliona bara tupu, hakudhani kuwa limeumbwa tupu. Swali lake lilinikaa moyoni miaka mingi, nalo ndilo lililonifanya nimfuatilie Mjerumani huyu maisha yake.

DAKTARI WA MIFUGO

Bernhard Grzimek alizaliwa tarehe 24 Aprili 1909 katika mji wa Neisse, jimbo la Silesia, ambao siku hizi uko ndani ya Polandi na waitwa Nysa. Baba yake alikuwa mwanasheria, akafariki Bernhard angali mtoto mdogo. Kijana alipenda wanyama tangu utotoni, akasomea udaktari wa mifugo, na mwaka 1932 akapata digrii ya udaktari. Baada ya hapo aliajiriwa serikalini kushughulikia maradhi ya mifugo.

Wakati huo Ujerumani ilikuwa imeingia mikononi mwa Hitler. Grzimek alifanya kazi katika wizara ya kilimo ya serikali hiyo, na wakati wa vita alikuwa daktari wa mifugo jeshini. Nyaraka zilizobaki zinaonyesha kuwa jina lake liliandikwa katika orodha ya chama cha Nazi, jambo ambalo mwenyewe alilikana. Nalitaja hili kwa sababu maisha ya mtu hayasimuliwi nusu.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, alipewa kazi ya kuiongoza bustani ya wanyama ya mji wa Frankfurt. Bustani yenyewe ilikuwa magofu. Mabomu yalikuwa yameibomoa mwaka 1944, na wanyama waliosalia walikuwa wachache mno. Watu wenyewe walikuwa na njaa, na wengi waliona kuwa si busara kulisha viboko na dubu wakati watoto hawana mkate. Grzimek akakataa kuifunga. Katika muda wa miezi michache tu aliifungua tena, akawaingiza watu kwa kiingilio, akaleta michezo na sarakasi ili fedha zipatikane. Akaiongoza bustani ile mpaka mwaka 1974.

KAMERA NA TELEVISHENI

Kutafuta fedha na wanyama wa bustani ndiko kulikomleta Afrika. Katika miaka ya 1950 alisafiri na mwanawe Michael, wakaenda Afrika Magharibi na Kongo ya Wabelgiji. Huko kijana Michael, ambaye alikuwa hodari wa kamera, alimshawishi baba yake watengeneze picha ya sinema. Picha hiyo, ambayo jina lake maana yake ni kuwa hakuna nafasi kwa wanyama wa porini, ilitoka mwaka 1956 na kupata zawadi ya Dubu wa Dhahabu katika tamasha la sinema la Berlin. Ujumbe wake ulikuwa kwamba watu wanaongezeka, mapori yanafyekwa, na wanyama wanakosa pa kukaa.

Mwaka huo huo wa 1956, mwezi wa Oktoba, alianza kipindi chake katika televisheni ya Ujerumani ya Magharibi, kilichohusu nafasi ya wanyama duniani. Kipindi hicho kiliendelea mpaka mwaka 1987, mwaka wa kufa kwake, na jumla yake ni vipindi vipatavyo 175. Hakikuwa na madoido. Bwana huyu alikaa nyuma ya meza amevaa suti, akazungumza kwa sauti ya taratibu ya puani, na kando yake yuko mnyama hai, leo duma, kesho sokwe anayempanda mabegani na kumvua miwani. Yeye haachi kuzungumza. Wajerumani wakacheka, wakampenda, na baada ya kucheka akawaomba fedha za kuwalinda wanyama, nao wakatoa.

Alikuwa na hila zake pia. Inajulikana kwamba siku moja aliwatangazia watazamaji kuwa sasa watu wanaweza kununua safari ya wiki kadhaa kwenda Afrika Mashariki kutazama wanyama kwa bei nafuu. Safari kama hiyo haikuwapo. Lakini watu walipokwenda kwa wingi kuiulizia katika makampuni ya safari, makampuni yakaona hapa pana biashara, yakazianzisha. Ndugu zetu wa Malindi na Diani, ambao baadaye waliwaona Wajerumani wakiteremka kwa ndege nzima nzima, wajue kuwa mzee huyu naye ana mkono wake katika jambo hilo.

NDEGE YA MILIA

Fedha za picha ya kwanza, Grzimek na mwanawe walitaka kuzitumia kununua ardhi ili mbuga ya Serengeti ipanuliwe. Mkuu wa mbuga za Tanganyika wakati huo, Bwana Peter Molloy, akawashauri kuwa yafaa zaidi waje kuwahesabu wanyama. Serikali ya Kiingereza ilikuwa yakusudia kubadilisha mipaka ya Serengeti, na hakuna aliyejua kwa yakini wanyama ni wangapi wala wanahamia wapi.

Baba na mwana wakajifunza urubani. Wakanunua ndege aina ya Dornier, wakaipaka milia, na mwisho wa mwaka 1957 wakaiendesha wenyewe kutoka Frankfurt, wakavuka bahari na jangwa mpaka Serengeti. Mwanzoni mwa mwaka 1958 wakaanza kuhesabu. Waliigawa mbuga vipande vipande, wakaruka chini kwa mistari iliyonyooka, na kila mtu akahesabu wanyama wa upande wake. Jumla ilikuwa karibu 367,000, na nyumbu katika hao hawakufika 100,000. Kisha wakawakamata baadhi ya nyumbu na kuwavika mikanda ya rangi shingoni, ili wajulikane kila wanakokwenda. Wakatambua kuwa makundi yale yanavuka mipaka ambayo serikali ilikuwa karibu kuichora.

Wakati wote huo kamera zilikuwa zikifanya kazi. Miongoni mwa waliozishika alikuwamo Alan Root, kijana aliyekulia hapa Kenya, ambaye baadaye alikuwa bingwa mkubwa wa picha za wanyama.

MSIBA

Tarehe 10 Januari 1959, Michael alikuwa angani peke yake katika ndege ile ya milia. Tumbusi mkubwa akaligonga bawa, ndege ikashindwa kuongozwa, ikaanguka. Michael akafa pale pale. Alikuwa kijana wa miaka 24, ana mke na mtoto. Alizikwa ukingoni mwa shimo la Ngorongoro, na juu ya kaburi likajengwa rundo la mawe.

Mzazi yeyote anajua uzito wa kumzika mwana. Grzimek alirudi kazini na kuimaliza picha ambayo mwanawe aliianza. Ilitoka mwaka huo huo wa 1959 kwa jina ambalo kwa Kiswahili tungesema Serengeti Isife, pamoja na kitabu kilichofasiriwa katika lugha nyingi. Mwaka 1960 picha hiyo ikapewa tuzo ya Oscar huko Marekani, ikiwa picha ya habari za kweli iliyoshinda zote, na ya kwanza ya Kijerumani kupata heshima hiyo baada ya vita.

SWALI LA MZEE

Sasa narudi kwenye swali la mzee wangu wa Kangema. Wale wachungaji walikwenda wapi?

Jibu lake ni kwamba mwaka 1958 wazee kumi na wawili wa Kimasai walitakiwa waweke alama zao katika hati ya kukubali kuhama Serengeti. Mwaka 1959 sheria ikaigawa nchi yao sehemu mbili. Serengeti ikawa mbuga isiyokaliwa na mtu, na Ngorongoro ikawa mahali ambapo Wamasai na wanyama wataishi pamoja. Wamasai wakahama na ng'ombe wao, wakaacha visima, na malisho, na majabali ya Moru ambamo michoro ya ngao zao ingali ikionekana.

Kumsema Grzimek kuwa ndiye aliyewahamisha itakuwa kumsingizia. Uamuzi ulikuwa wa serikali ya Kiingereza, na ulianza kufikiriwa kabla hajafika. Tena yeye mwenyewe aliupinga mgawanyo ule, lakini kwa sababu nyingine, kwamba wanyama wamepunguziwa ardhi. Juu ya watu maoni yake yalikuwa wazi, na kitabuni mwake aliyaandika bila ya kuficha: mbuga ya taifa isikaliwe na mtu yeyote, hata mwenyeji wa hapo. Kisha kamera yake ikaionyesha dunia Serengeti iliyo kama siku ilipoumbwa, na dunia ikasadiki. Baada ya hapo, mtu aliyetaka kusema kuwa palikuwa na wenyewe alikuwa na kazi kubwa ya kusikilizwa, kwa maana picha ilikuwa imekwisha kutoa ushahidi.

Kuna jambo jingine ambalo lilijulikana vyema baadaye. Nyumbu wale ambao Grzimek aliwaona kuwa wanakaribia kwisha waliongezeka mno, hata kufikia mwisho wa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni moja. Wataalamu walipochunguza, waliona sababu kubwa ni kwisha kwa sotoka, ule ugonjwa ulioingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890 ukaangamiza ng'ombe na nyumbu pamoja, na Wamasai wakafa kwa njaa. Sotoka iliondoka kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa sababu ng'ombe wa wafugaji walidungwa sindano. Kwa hiyo nyumbu walipona kwa kutibiwa ng'ombe wa majirani zao. Nalo ni ajabu, kwa sababu Grzimek mwenyewe alikuwa daktari wa mifugo.

Lakini waswahili wamesema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mnamo mwaka 1961, uhuru ulipokaribia, Wazungu wengi walidhani kuwa Waafrika wakitawala watawamaliza wanyama. Grzimek hakuwa katika hao. Mwaka huo huo Mwalimu Julius Nyerere alitoa ahadi mjini Arusha kwamba serikali yake itawalinda wanyama, na Grzimek akaisaidia ahadi hiyo kwa fedha alizozikusanya katika televisheni yake, zikanunua magari, zikalipa askari wa mbuga, zikajenga maabara ya utafiti kwa jina la Michael. Hakudharau serikali ya Waafrika, na alifanya kazi nayo mpaka mwisho wa maisha yake. Bila ya mtu huyu, yawezekana Serengeti tungekuwa tukiisoma vitabuni tu.

MWISHO WAKE

Nchini kwake alipanda cheo. Kuanzia mwaka 1970 alikuwa mjumbe wa serikali ya Willy Brandt juu ya hifadhi ya maumbile, akajiuzulu mwaka 1973 alipoona kuwa maneno ni mengi na vitendo ni vichache. Katika nyumba yake mambo hayakuwa mepesi. Aliachana na mkewe, na mwaka 1978 akamwoa Erika, mjane wa mwanawe Michael. Kwetu sisi Waislamu ndoa ya mkwe namna hiyo ni haramu isiyo na shaka, ingawa sheria ya kwao iliikubali. Mimi nalitaja tu kama lilivyokuwa.

Alifariki tarehe 13 Machi 1987 mjini Frankfurt, akiwa amekaa katika sarakasi pamoja na watoto, wakitazama wanyama wakicheza. Mwili wake ukachomwa kwa desturi ya wenzetu, na majivu yakaletwa Tanzania, yakazikwa Ngorongoro kando ya mwanawe.

Mwaka 1994 nilipata safari ya kwenda Arusha, nikaomba nipelekwe huko. Ukungu ulikuwa umetanda ukingoni mwa shimo kama ule wa Kangema. Nilisimama mbele ya yale mawe, nikamfikiria baba aliyetaka kurudi kulala na mwanawe, na moyo wangu ukalainika. Chini kidogo ya barabara kijana wa Kimasai alikuwa akipita na mbuzi wake. Nilipozungumza naye, aliniambia kuwa babu yake alizaliwa upande wa pili, Serengeti, na kwamba yeye hajapata kupaona. Nilitamani mzee wangu angekuwapo asikie, kwa maana jibu la swali lake lilikuwa limesimama mbele yangu na fimbo mkononi.

Habari hiyo haikuishia hapo. Mwaka 2022 serikali ya Tanzania ilianza kuwahamishia jamaa za Kimasai wa Ngorongoro huko Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali ilisema kuwa wanahama kwa hiari yao, na wengi wa Wamasai wakasema sivyo. Hao ni wajukuu wa waliohamishwa Serengeti, ambao walipewa Ngorongoro iwe badala yake.

Kangema nilirudi mwaka 2010. Mzee alikuwa amekwisha fariki zamani, na shamba lilikuwa la mwanawe. Msitu wa Nyandarua ulikuwa umezungushiwa ua wa nyaya za umeme wa urefu wa kilomita zipatazo 400, uliochukua miaka ishirini kujengwa na kumalizika mwaka 2009. Nilidhani atanung'unika. Kinyume chake, alinionyesha mahindi yake na viazi vyake, akanieleza kuwa tangu ua ule uwekwe tembo hawajaingia shambani, na usiku watoto wanalala. Walipokuja wenye kujenga, aliniambia, watu wa pale waliitwa, wakaulizwa, na wengine wakapata kazi ya kuchimba mashimo ya nguzo.

Nikakaa kibarazani nikinywa chai yake. Waya ulikuwa ukionekana kwa mbali, na nyuma yake msitu wote mweusi, na huku upande wetu moshi wa majiko. Nilimsimulia kisa cha usiku ule wa sinema na swali la baba yake. Hakuwa na habari nalo. Alicheka, akanieleza kuwa mzee hata alipotazama picha ya harusi, kwanza alihesabu nani hayumo.